Sura ya Tisa: Shukrani Kabla ya Ufunguo

Mchungaji alipotangaza kwamba familia ya Mzee Dismasi ina shukrani, Godwin alikuwa ameketi benchi la nyuma, upande wa wanaume, akiangalia viatu vyake. Alikuwa amevipiga rangi asubuhi nyumbani kwao Kikwe, na matope ya njia ya kupandia Nkoaranga yalikuwa yameshaharibu kazi yote.

Alikuwa amekuja na neno moja kutoka mjini. Alipaswa kulisema kabla ya ibada. Alimkuta mzee mlangoni, akamwamkia, mzee akamshika mkono kwa nguvu asivyomshika siku nyingine, na yeye akaingia bila kulisema. Akajiambia atalisema baadaye. Mwanaume akianza kujiambia hivyo, ameshashindwa.

Neno lenyewe lilikuwa hili: bei ya gari imepanda.

Mzee Dismasi alikwenda mbele na mkungu wa ndizi begani. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Hanna, akitembea kwa kuegemea bega la binti yao Tabea. Kwaya ilikuwa ikiimba polepole kumsubiri afike, maana nyonga za Mama Hanna zilikuwa zimekwisha na kila mtu alijua. Tabea alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Godwin aliliona, akataka kuangalia pengine, akashindwa.

"Bwana asifiwe," alisema Mzee Dismasi.

"Asifiwe."

"Mnajua taabu ya mke wangu. Mvua za mwaka jana tulimshusha hospitali kwa machela, vijana wanne, na wawili walianguka. Sasa Mungu ametupa gari. Noah. Halijafika. Kesho nakwenda mjini kulichukua. Lakini mimi si mtu wa kungoja mpaka nishike ufunguo ndipo niseme asante."

Watu walicheka, wakapiga makofi.

"Na yupo kijana aliyetutafutia gari hilo kwa bei ya haki. Godwin, njoo usimame na sisi."

Kanisa zima lilielewa. Kijana wa nje hasimamishwi na familia mbele ya madhabahu kwa sababu ya gari tu. Kwa miaka miwili mzee alikuwa hamtaji jina. Alimwita "yule dalali wako," na kila Tabea alipomwambia kwamba Godwin ni mwuzaji wa yadi ya magari, si dalali, mzee alijibu kwamba tofauti yake ni paa. Leo alimwita kwa jina, mbele ya watu. Mama mmoja upande wa kulia alipiga kigelegele kabla ya wakati.

Godwin alikwenda. Miguu ilikwenda yenyewe. Alisimama kando ya Tabea, karibu hata akasikia harufu ya mafuta ya nywele zake, na Tabea aliinua macho akamtazama mara moja tu. Yalikuwa macho ya mtu aliyesubiri muda mrefu na sasa amepumzika. Godwin alikuwa ameyaota macho hayo mara nyingi. Hakuwahi kuota kwamba yatamuumiza.

Mzee akamwekea mkono begani. Mchungaji akaomba. Aliombea magurudumu, akaombea breki, akamwombea atakayeendesha na aliyeuza. Mwisho kanisa likasema amina, na Godwin akasema amina pamoja nao.

* * *

Baada ya ibada watu walikusanyika uwanjani kwa mnada wa sadaka. Kila aliyeleta mazao badala ya hela, mazao yake yaliuzwa pale pale. Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa, Thomasi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Jogoo huyu ni Mlutheri," alisema, akimwinua jogoo mwekundu. "Hawiki hovyo. Anawika saa ya ibada tu. Nani anaanza?"

"Huyo amezeeka, Thomasi. Hata wewe unamshinda kwa nyama."

"Mimi siuzwi. Mke wangu alishajaribu."

Tabea alitoka katikati ya vicheko hivyo akiwa na bakuli la mayai aliyonunua. Alikuja moja kwa moja mpaka aliposimama Godwin, pembeni, karibu na bomba la maji. Leo hakuogopa kuonekana.

"Mbona uso umekunjamana kama umepigwa faini? Baba amekuita kwa jina. Mama analia huko, anasema ataanza kukuita mwanangu leo leo, hata posa hujaleta."

"Tabea, twende nyuma kidogo."

"Nyuma wapi? Sasa hivi tunaweza kusimama popote."

"Twende tu."

Walizunguka ukuta wa kanisa, upande wa migomba. Tabea bado alikuwa na tabasamu usoni, lakini alikuwa ameanza kulishikilia kwa uangalifu, kama alivyolishikilia lile bakuli la mayai.

"Bei ya gari imebadilika," alisema Godwin.

"Imebadilika vipi?"

"Bosi anataka milioni mbili na nusu juu ya ile tuliyokubaliana."

Tabea alicheka. "Acha utani wa kijinga."

Godwin aliendelea kumtazama. Kicheko kikaisha.

"Umejua lini?"

"Jana jioni, tukifunga ofisi. Alinituma nije niwaambie."

"Jana. Kwa hiyo pale mbele ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Baba alivyokushika bega."

"Ndiyo."

"Mchungaji anaombea breki."

"Tabea."

"Nakuuliza."

"Nilikuwa najua."

Aliliweka bakuli chini, taratibu, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe. "Bei uliitaja wewe, Godwin. Sebuleni kwetu. Mama alikuwa ametuandalia loshoro yake ya mahindi na mtindi, unakumbuka, ulikunywa vikombe viwili kwa kujipendekeza. Baba akakuuliza, hiyo ndiyo ya mwisho? Ukasema ndiyo ya mwisho, mzee. Mkapeana mikono. Asubuhi yake akashuka mjini akalipa kianzio, mkakipokea. Sasa huo mwisho una mwisho mwingine?"

"Meshack anasema dola imepanda. Anasema na ushuru."

"Gari hilo liko yadi tangu mwaka jana. Limekaa juani mpaka taa zimekuwa njano. Ushuru gani unapandia gari lililolala?"

"Hakuna. Ni uongo tu."

"Na wewe umeubeba uongo huo kutoka mjini, ukaja nao kanisani."

Meshack ndiye mwenye yadi, upande wa kwenda Njiro, mtu wa mashati meupe na maneno laini. Godwin alikuwa amemfanyia kazi mwaka wa tatu sasa. Angeweza kunyamaza hapo, aache lawama zote zimwangukie Meshack, na Tabea angemsamehe kabla ya jua kuzama. Alilijua hilo. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, na akiwa amesimama mbele ya lile gauni la kijani aliona akilimeza hilo nalo hataweza kumwangalia tena.

"Kuna kingine," alisema. "Nilikuwa na furaha, Tabea. Nikawasimulia wenzangu ofisini kwamba mzee anatoa shukrani Jumapili, mbele ya kanisa zima. Meshack alikuwa mlangoni. Akaniuliza, anashukuru kabla ya kuchukua gari? Nikasema ndiyo, wazee wa kule ndivyo walivyo, wakishaamini wameamini. Akatabasamu. Nikadhani amefurahi na mimi."

Tabea alimtazama bila kupepesa.

"Anajua mtu akishatangaza gari, hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu," Godwin aliendelea. "Ataona aibu. Atakopa, atauza ng'ombe, ataongeza. Anaowapandishia ni hao tu. Aliyekuja kimya kimya hamgusi."

"Anaowapandishia. Kwa hiyo si sisi wa kwanza."

"Si nyie wa kwanza."

"Na hao wengine, ukiwa pale, ulikuwa unawaambia nini?"

Godwin aliangalia migomba. "Nilikuwa nawaambia soko limebadilika."

Upande wa pili wa ukuta Thomasi alikuwa akinadi mkungu wa ndizi, mkungu wa Mzee Dismasi wenyewe, na watu walikuwa wakipandishiana kwa furaha kwa sababu ulikuwa wa shukrani. Tabea aliusikiliza mnada ule mpaka mwisho. Machozi yalimjaa machoni, lakini hayakuanguka.

"Miaka miwili nimegombana na baba kwa ajili yako," alisema. "Nilikuwa namwambia, baba, huyu si kama hao. Namwambia, mwangalie macho. Yeye anasema, macho hayana kazi, mwangalie mdomo."

"Tabea, mimi nakupenda."

"Sijauliza hilo."

* * *

Mzee Dismasi aliwakuta hapo. Alikuja na kofia mkononi, uso mwepesi.

"Mmejificha nini tena? Leo nimewapa ruhusa kweupe, ninyi mnakimbilia migombani. Mchungaji anasubiri chakula, twendeni nyumbani."

Kisha akaona uso wa binti yake.

Godwin alimwambia. Alimwambia yote, la bei na la yale majigambo ofisini, na hakuongeza neno la kujitetea. Mzee alipoanza kuelewa, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Punguza sauti."

"Mzee, nisamehe."

"Nimesema punguza sauti. Watu wako hapo." Aliketi juu ya msingi wa ukuta. Kwa mara ya kwanza Godwin aliona jinsi alivyo mzee. "Milioni mbili na nusu, kijana."

"Ndiyo, baba."

"Nina yule mtamba. Nikimpeleka mnadani, nikakopa kidogo kwa Philemoni, itafika. Mama yako asijue, Tabea. Mtu yeyote asijue."

"Baba, yule mtamba ndiye ulisema atamsomesha mdogo wangu Abdiel."

"Abdiel atasubiri. Mimi nimesimama mbele ya Mungu na watu nikasema nina gari. Unataka kesho wanione narudi kwa miguu?"

"Usilipe," alisema Godwin.

Mzee alimgeukia.

"Usilipe, baba. Bei mlishapatana, na kianzio amepokea kwa bei hiyo. Hapo biashara imeshafungwa. Hawezi kuigeuza peke yake kwa sababu ameota usiku. Ana mawili tu, akupe gari kwa bei ile, au akurudishie hela yako yote. Akikataa, kuna ofisi ya serikali inasikiliza malalamiko ya wateja. Kuna mama mmoja wa Usa River alimwambia anakwenda huko, alikuwa bado ameshika mkoba, Meshack akamkimbilia na ufunguo mpaka getini. Anaogopa sana. Ni vile tu watu hawasemi."

"Atasema hatukupatana bei. Atasema kianzio kilikuwa cha kulishikilia gari."

"Mimi ndiye niliyeitaja bei. Nitasema mbele yake, na mbele ya ofisi hiyo."

"Wewe?" Mzee hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Kijana, leo nimekupa nafasi ya kusema mbele ya Mungu. Ukasema amina."

Godwin alihisi masikio yakiwaka moto. Alitamani mzee ampige, au amfukuze, au amtukane kwa Kimeru maneno asiyotaka Tabea ayasikie. Mzee alikuwa akifuta kofia yake tu, akiizungusha.

"Basi nianze na hawa," alisema Godwin.

"Wapi?"

Lakini alikuwa ameshaanza kwenda.

Alipita katikati ya watu mpaka kwenye meza ya mnada. Thomasi alikuwa amemshika yule jogoo tena, maana mnunuzi wa kwanza alijuta.

"Bwana harusi amekuja kununua," alisema Thomasi, na watu wakashangilia.

"Mzee Thomasi, naomba dakika."

"Chukua. Jogoo hana safari."

Godwin aliwageukia. Aliwaona wote, kina mama na kanga zao, kwaya ikiwa bado na majoho, Mama Hanna kwenye kiti cha plastiki akimtabasamia. Hapo karibu aache. Kisha akasema, kwa sauti iliyotoka kavu kuliko alivyotaka:

"Gari la Mzee Dismasi halina uhakika. Alipatana bei na mimi, akalipa kianzio, na jana bosi wangu akapandisha bei. Ameipandisha kwa sababu alijua mzee ameshawatangazia. Aliyemwambia ni mimi. Na niliposimama pale mbele mkaniombea, nilikuwa najua. Mzee hajawadanganya. Niliyewadanganya ni mimi."

Jogoo alipiga mabawa mikononi mwa Thomasi.

"Kwa hiyo tumeimba bure," alisema mama mmoja.

"Umeimba vibaya pia," mwingine alimjibu, na wachache wakacheka, kisha wakaacha. Tabasamu la Mama Hanna lilikuwa limeondoka. Alikuwa akiitazama mikono yake mapajani. Godwin alitamani kuwa mahali popote pengine duniani.

Ndipo mzee mmoja mnene akasimama kutoka kwenye benchi. Alikuwa Philemoni, yule yule ambaye Dismasi alitaka kumkopa kwa siri. Alikohoa.

"Ile pikapu yangu," alisema. "Nami niliongezewa. Yadi nyingine, si hiyo. Nilikuwa nimeshachinja mbuzi, wageni wako njiani. Nikalipa, nikanyamaza. Hata mke wangu anasikia leo."

"Nasikia," alisema mkewe. "Tutaongea nyumbani."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na ndani ya kicheko hicho Mzee Dismasi alikuja mpaka mezani. Alivaa kofia yake. Akatoa simu.

"Weka sauti kubwa," alimwambia Tabea. "Mimi sijui kubonyeza."

Meshack alipokea upesi. "Shikamoo mzee wangu. Hongera ya shukrani. Kijana amekueleza?"

"Marahaba. Ameeleza. Amewaeleza na wengine. Niko kanisani na watu wote wanakusikia."

"Mzee, hayo ni mambo ya ofisi. Njoo kesho tuyaongee taratibu, soko unajua..."

"Soko silijui. Najua mkono niliopewa. Ulikuwa unanisubiri nije na aibu, Meshack. Aibu nimeshaimaliza huku, kesho sina ya kuja nayo. Nataka gari kwa bei ile, au kianzio changu chote. Ukikosa vyote viwili nakwenda kwenye hiyo ofisi ya malalamiko. Kijana wako atasema bei aliyoitaja."

"Godwin yuko hapo?"

"Yuko."

"Godwin, kesho usije kazini."

Godwin aliisogelea simu. "Nitakuja, bosi. Nitakuja na mteja."

Walisikia pumzi ya Meshack, ndefu, na nyuma yake televisheni ya mpira. Watu walikuwa wameinama kuizunguka meza kama wanaomsikiliza mgonjwa.

"Sawa, mzee," alisema hatimaye, sauti ikiwa imekauka. "Njoo uchukue gari lako. Bei ile ile. Lakini huyo kijana asikanyage hapa tena." Akakata.

Thomasi alimwinua jogoo juu na kupiga kelele kwamba bei ya jogoo pia haibadiliki, na uwanja ukachangamka. Wengine walimpa mzee mkono. Kwa Godwin hakuja mtu. Mama Hanna alisaidiwa kusimama, akapita karibu naye, akasita kama anayetaka kusema jambo, kisha akaendelea kutembea.

Mzee Dismasi ndiye aliyemjia mwisho.

"Umesema. Nimesikia," alisema. "Lakini leo mezani kwangu hutakula."

"Ndiyo, baba."

"Jumapili ijayo njoo ibadani. Kaa nyuma kama kawaida yako. Usingoje nikuite."

"Nitakuja."

"Tabea, msindikize mpaka kwenye daraja. Usivuke."

* * *

Tabea hakutembea kando yake. Alitembea nyuma, hatua chache, kama mtu anayempeleka mgeni asiyemfahamu vizuri. Njia ilikuwa inateleza. Mara moja Godwin aliteleza, akageuka kumpa mkono asije naye akaanguka.

"Sitaki," alisema Tabea. "Watu wanatuangalia."

"Siku zote wanatuangalia."

"Leo wanaangalia vingine."

Walifika kwenye daraja la magogo. Maji yalikuwa mengi, yana rangi ya udongo. Godwin alisimama.

"Kazi huna," alisema Tabea.

"Sina."

"Mahari utaleta nini, jogoo wa Thomasi?"

Alimtazama kuona kama ni utani. Hakuwa ametabasamu. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa mzuri kiasi kwamba Godwin aliona ni adhabu.

"Nimeona aibu leo, Godwin. Ulivyokuwa unasema pale mezani, nilitaka ardhi ipasuke inimeze."

"Najua."

"Hujui. Yule Meshack amemwibia baba mchana kweupe, na kwa ajili yake sikuona aibu hata kidogo. Nilikasirika tu. Nikamsahau. Aibu nimeiona kwa ajili yako. Mpaka sasa ninayo, hapa." Aligusa koo. "Mtu asiyekuhusu humwonei aibu ya namna hii."

Godwin alilipokea kama neno la kuagana. Akaitikia kwa kichwa, akakanyaga gogo la kwanza, la pili, ndipo akasimama katikati ya maji.

"Tabea. Hilo la mwisho, una maana gani?"

"Nenda ukalifikirie," alisema. "Muda unao. Kazi huna."

Akageuka, akapanda. Godwin alivuka, akashuka na njia yake, uso ukiwa bado unawaka. Watu wa ibada walikuwa wametapakaa njia nzima wakirudi makwao. Aliwaamkia wazee wote aliopishana nao, shikamoo, shikamoo, bila kuruka hata mmoja, na kila mmoja aliitikia marahaba, akimtazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.